Bunduki ya Mjomba Iliyokuwa Ikikwama Usiku Tu

Mwezi wa saba, saa nane za usiku, kijijini huko Nachingwea. Mjomba alikuwa juu ya dungu, na nguruwe walikuwa wameshaingia kwenye mihogo upande wa bondeni. Unawasikia kabla hujawaona, mashina yanavunjika kama mtu anayevunja kuni. Akaelekeza mtutu kwenye korongo tupu, akafyatua moja ya kuwatisha. Wakakimbia kidogo, wakasimama, wakarudi. Akabonyeza tena. Kimya. Alipomulika tochi akakuta ganda la risasi ya kwanza limebanwa kwenye kidirisha cha kutolea maganda, nusu ndani nusu nje.

Kesho yake saa saba mchana akaijaribu palepale. Ikapiga tatu, moja baada ya nyingine, na maganda yakaruka vizuri. Usiku ikakwama tena. Ndipo aliponipigia simu Masasi, ninakotengeneza mashine za kupulizia salfa kwenye mikorosho. “Mjomba, wewe si fundi? Njoo unieleze ni chuma gani hicho kinachofanya kazi mchana tu.”

Nimeandika makala haya kwa sababu bunduki kama yake bado zipo Lindi na Mtwara, nyingi zimepita mikono miwili mitatu, na nyingi zinaharibiwa na watu wanaodhani wanazitengeneza. Na si jambo dogo. Watafiti walioandika mwaka 2005 walihesabu zaidi ya watu 560 waliouawa na simba nchini tangu 1990, na Lindi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Nguruwe walitajwa wazi katika maelezo yao: simba anamfuata nguruwe shambani, na shambani kuna mkulima aliyelala dunguni akimfukuza nguruwe huyohuyo. Mtu wa namna hiyo anapobonyeza mara ya pili, anastahili kusikia mlio.

Kwanza nieleze ni bunduki gani. Ni ya marisau, namba 12 (hicho ni kipimo cha upana wa mtutu), ile yenye mgongo ulioinuka nyuma kama nundu ya ng'ombe. Asili yake ni Auto-5 ya Mmarekani John Browning, aliyeibuni mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1902 aliipeleka Ubelgiji, na kiwanda cha silaha cha FN kikaanza kuitengeneza. Ilidumu viwandani hadi miaka ya 1990, kwa hiyo unaweza kukutana na ya kabla ya vita vya pili vya dunia na ya juzi, na zote zinafanya kazi kwa namna moja. Hujipakia yenyewe, lakini kila mlio unataka kidole chako upya. Hiyo “5” ni risasi tano: nne kwenye bomba lililo chini ya mtutu na moja chemba, yaani pale nyuma ya mtutu risasi inapolipukia.

Sasa, neno letu la kukwama ndilo linalotuchanganya. Tunasema “imekwama” kwa matatizo manne au matano yasiyohusiana, halafu tunayatafutia dawa moja, kwa kawaida mafuta. Mtu wa pikipiki hafanyi hivyo. Akiambiwa pikipiki haiwaki anauliza: kiki inazunguka? Cheche ipo? Petroli inafika? Bunduki nayo inataka kuulizwa hivyohivyo, na jibu lake lipo pale iliposimama. Ndiyo maana kosa kubwa kuliko yote ni kuvuta komeo, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, kwa hasira mara tu inapokwama. Ukishavuta, umefuta ushahidi. Elekeza mtutu mahali salama, toa kidole kwenye kifyatulio, mulika, tazama.

Ili uelewe unachokitazama, fuata safari ya risasi moja. Mjomba anafyatua. Marisau yanaenda mbele, na bunduki inasukumwa nyuma kwa nguvu ileile inayokupiga begani. Katika bunduki hii, nguvu hiyo inarudisha nyuma mtutu wenyewe. Naam, mtutu wote! Unateleza kurudi nyuma pamoja na komeo, vimeshikana, umbali unaozidi urefu wa risasi, huku ukiigandamiza springi nene iliyovaa bomba la risasi. Vikifika mwisho, komeo linanaswa linabaki nyuma, na springi ile inaurudisha mtutu mbele peke yake. Kulabu za komeo zimelishika ganda, kwa hiyo ni mtutu unaolivua ganda kama unavyovua ala kwenye kisu. Mtutu ukikaribia mwisho wa safari, kijino kilicho nyuma yake kinalipiga ganda pembeni, linaruka nje. Wakati huo risasi mpya inasukumwa kutoka kwenye bomba, inalala juu ya ulimi wa kupandishia, na kwa kupita kwake inaliachia komeo. Komeo linakwenda mbele kwa springi ya pili, ambayo wengi hawajui kama ipo kwa sababu imefichwa ndani ya kitako cha mbao, nalo linaisindikiza risasi mpaka chemba.

Hayo yote yanapita kabla hujavuta pumzi. Lakini ni hatua, na kila hatua ikishindwa inaacha alama yake.

Ganda likibaki ndani ya chemba na komeo limefunga, ujue mtutu haukufika mwisho wa safari ya nyuma. Komeo likiwa limebaki wazi nyuma, ganda limetoka, na risasi bado zipo kwenye bomba, nguvu ilitosha ila risasi mpya haikuja. Hapo usiguse mtutu wala springi kubwa. Tazama bomba kama limebonyea, na springi ndogo ya ndani yake kama imechoka. Kabla ya hayo yote, tazama kijiti kidogo upande wa kushoto wa bunduki. Kazi yake ni kuzuia risasi zisitoke kwenye bomba, ili mwenyewe aweze kubadilisha ile ya chemba tu. Kikiwa kimegeuzwa, bunduki nzima kabisa itaonekana mbovu. Risasi mpya ikipanda lakini ikaishia nusu chemba, hiyo ni habari ya springi ya kitakoni, au chemba chafu, au risasi iliyovimba. Na ikifunga vizuri halafu ukabonyeza ukasikia “tk” tu, usiifungue. Ishike imeelekea mahali salama, hesabu taratibu hadi thelathini, kwa sababu baruti yenye unyevu inaweza kuchelewa kuwaka, na hutaki iwakie usoni mwako komeo likiwa wazi.

Ya Mjomba haikuwa mojawapo ya hizo. Ganda lake lilivuliwa, likaanza kutoka, likabanwa mlangoni. Maana yake mtutu ulikwenda na kurudi, ila kwa uvivu.

Hapa ndipo penye utamu wa bunduki hii, na ndipo watu wanapokosea zaidi.

Fikiria uzito wa marisau. Kuna risasi za gramu 28, laini, na kuna za gramu 36 na kuendelea zinazopiga kama teke la punda. Mtutu uleule na springi ileile vinatakiwa kufanya kazi na zote mbili. Springi ikiwa laini ya kutosha risasi nyepesi, risasi nzito itaurudisha mtutu kwa kishindo na kuupigiza nyuma kama nyundo. Ikiwa ngumu ya kutosha risasi nzito, nyepesi haitausogeza. Jawabu la Browning lilikuwa kuweka breki. Ukifungua kofia ya mbele na kuuvua mti wa mkono na mtutu, utaona kwenye bomba, pamoja na springi, kipande cha shaba kilichopasuliwa upande mmoja kama pete ya pistoni, na pete ya chuma ambayo uso wake mmoja umechongwa mwinamo. Shaba ikisukumwa kwenye mwinamo inabanwa, na ikibanwa inalikumbatia bomba. Hiyo ndiyo breki.

Kwa risasi nzito, kuanzia kwenye mwili wa bunduki kwenda mbele, mpangilio ni huu: springi, kisha pete ya chuma mwinamo wake ukiitazama shaba, kisha shaba, kisha mtutu. Shaba inabanwa pande mbili, na mtutu na pete. Kwa risasi nyepesi, pete ya chuma haitupwi. Inashushwa chini kabisa, ikiegemea mwili wa bunduki, springi inakuja juu yake, na shaba inakaa juu ya springi. Sasa shaba inabanwa upande mmoja tu, breki inapungua, na mtutu unapata uhuru. Huo ni mpangilio wa Auto-5 namba 12. Zipo bunduki za sura hiyohiyo zilizotengenezwa Marekani, kama Remington Model 11, ambazo pete zake zimepangwa kwa namna nyingine, kwa hiyo hakikisha jina kabla hujaiga.

Angalia basi matokeo ya kukosea. Ukiweka mpangilio wa risasi nzito ukatumia nyepesi, bunduki itakwama, nawe utaghadhibika. Ukikosea kinyume, mpangilio wa nyepesi na risasi nzito, haitakwama hata kidogo. Itafanya kazi kwa furaha, na kila mlio utakuwa unaivunja. Dalili ya kwanza ni ufa kwenye mti wa mbele unaoshikwa kwa mkono. Nimeona mti wa aina hiyo umefungwa kwa waya na mpira wa tairi, mwenyewe akilalamika kuwa mbao za siku hizi hazidumu. Mbao hazikuwa na kosa. Mtutu ulikuwa unapiga kwa sababu breki haikuwepo, na ufa ule ulikuwa unamwambia hivyo kila siku.

Tulipofungua ya Mjomba, bunduki ilikuwa mapajani mwake na mimi nilishika taa. Nilisisitiza hivyo, maana leseni ina jina lake, si la ukoo. Kwetu Wamwera mali ya mjomba ina njia yake ya kumfikia mpwa, lakini bunduki haipiti njia hiyo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka kila anayeimiliki awe na leseni yake mwenyewe, kwa hiyo mwenye nayo akifariki inapelekwa polisi, na anayeitaka anaomba upya. Akatoa risasi zote, akapitisha kidole chemba, akapitisha kidole kwenye mlango wa bomba, ndipo akafungua kofia. Kidole kinafaa kuliko macho. Usiku macho yanadanganya.

Pete zilikuwa mahali pa risasi nzito. Risasi alizokuwa nazo zilikuwa za gramu 32, za katikati. Kwa hizo, bunduki iliyo safi na springi nzuri inaweza kwenda, na iliyochoka kidogo itasita. Lakini hilo halikueleza habari ya mchana na usiku. Nikapitisha kidole kwenye bomba. Lilikuwa na utando mweupe, mzito, kama nta ya mshumaa.

“Unapaka mafuta gani, Mjomba?”

“Ya nazi. Yanatoka Lindi, mazuri, hayana chumvi.”

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Pwani huko, Lindi mjini au Mikindani, unaweza kuyaona maji mwaka mzima ukasahau kuwa yanaganda. Nachingwea ni bara, na mwezi wa saba usiku unajifunika blanketi. Mchana chuma kimeota jua, mafuta ni maji, mtutu unateleza. Usiku yanakuwa nta, yanaikamata shaba juu ya bomba, mtutu unarudi kwa uvivu, unalipiga ganda kinyonge, na komeo linalikuta bado mlangoni. Pamoja na pete zilizokuwa kwenye breki kamili, nguvu ya risasi ya gramu 32 haikutosha kushinda yote mawili.

Hata pasipo baridi, mafuta ya kupikia ya aina yoyote hayafai chuma. Yakikaa yanachacha, yanageuka gundi, na gundi inakusanya vumbi. Grisi nayo si ya mahali hapa. Bomba linataka mafuta mepesi ya mashine, tone moja kwenye kitambaa, upake halafu ufute kama unajuta kuyapaka. Likiloa sana, breki inateleza haikamati, na tumerudi kwenye mti kupasuka. Likikauka kabisa, shaba inakwaruza na kukamata kupita kiasi.

Utando ule tulioutoa kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani ulikuwa na rangi ya njano ndani yake. Nilijua kabla sijaunusa. Ni salfa. Msimu wa kupulizia, tangu mwezi wa sita, hewa ya mashamba yetu imejaa vumbi lake, na wengi huweka bunduki chumba kimoja na magunia. Salfa ikikutana na unyevu hula chuma. Mashine zangu zinanionyesha kila mwaka. Mahali inapojificha vibaya zaidi ni kwenye lile bomba la springi ya kitakoni, ambalo linaweza kumaliza miaka 40 bila kufunguliwa. Bunduki ikianza kufunga komeo kwa kusitasita, na chemba ni safi, hapo ndipo pa kushuku. Kukifungua kitako kunataka bisibisi iliyokaa sawasawa kwenye skrubu na mtu anayejua anachofanya. Mpelekee fundi wa silaha mwenye kibali.

Springi kubwa ina kipimo chepesi. Ivishe kwenye bomba bila mtutu. Springi nzima hujitokeza kuupita mwisho wa bomba. Iliyokuwa fupi kuliko bomba imechoka, na hakuna kuivuta ili irefuke. Springi iliyovutwa kwa mkono inapendeza siku mbili tu. Ya Mjomba ilijitokeza karibu urefu wa kiungo cha kidole gumba. Nzuri.

Kuna jaribio jingine tulilofanya baada ya kusafisha, pete zikiwa zimehamishiwa mpangilio wa risasi nyepesi. Bunduki tupu, imekaguliwa tena kwa kidole, kitako juu ya gunia sakafuni, uso mbali na mdomo wa mtutu. Mjomba akaushika mtutu kwa pembeni akausukuma chini mpaka mwisho, akauachia taratibu, akiuongoza kwa mkono. Ulipanda bila kusita popote. Mtutu unaosita katikati unasuguliwa na kitu, ama uchafu, ama shaba, ama mti wa mbele uliovimba kwa masika na kuubana.

Risasi zenyewe nazo zinataka kusomwa. Urefu ulioandikwa, milimita 65 au 70 au 76, ni urefu wa ganda likishafunguka baada ya kupigwa, si kabla. Ndiyo maana risasi ndefu inaingia kwenye chemba fupi bila kukupa onyo lolote. Ikipigwa, mdomo wake unakosa nafasi ya kufunguka, shinikizo linapanda, na ganda refu linakwaruza kidirisha likitoka. Bunduki za zamani za Ulaya, hasa za namba 16, nyingine zina chemba ya 65. Usiweke 76 kwenye bunduki ya 70 hata kama imeingia. Na namba 20 isikae kabisa katika mfuko mmoja na namba 12. Namba kubwa ni risasi nyembamba: namba 12 ni mtutu ambao vidonge 12 vya madini ya risasi, kila kimoja kikiwa na upana wa mtutu huo, vina uzito wa ratili moja, namba 20 vinahitajika 20. Hiyo nyembamba inateleza ndani ya mtutu wa 12, inanasa mbele, wewe unadhani hukuweka kitu, unaweka ya 12 nyuma yake. Mtutu unapasuka mikononi.

Kama yako haina mtutu unaorudi nyuma, yaani ni ya gesi kama Remington 1100 iliyotoka mwaka 1963, usihangaike na habari ya breki. Ile inachota moshi wa baruti kupitia vitundu vya mtutu na kusukuma pistoni. Adui zake ni masizi kwenye vitundu na oringi ya mpira iliyokauka ikapasuka. Oringi ni kitu cha bei ndogo, na bila hiyo gesi inavuja na ganda halitoki. Vitundu visafishwe, visipanuliwe kamwe.

Na yoyote uliyo nayo, siku itakapopiga mbili kwa kubonyeza mara moja, acha. Hapo hakuna mafuta wala pete. Ni vyuma vya ndani ya kifyatulio vimekwisha meno, na anayevigusa kwa tupa anatengeneza bunduki itakayomuua mtu wa nyumbani kwake. Itoe risasi, irudishe sandukuni, nenda kituoni ukawaeleze.

Nilikaa siku mbili. Usiku wa kwanza Mjomba alipiga mara moja tu, nguruwe wakaondoka, hatukujua lolote. Usiku wa pili, karibu saa kumi, kulikuwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni. Nilikuwa chini ya dungu naota moto. Nikasikia wa kwanza, na kabla mwangwi haujarudi kutoka bondeni nikasikia wa pili, na maganda mawili yakadondoka juu ya majani makavu karibu na mguu wangu.

Asubuhi alinitaka nimwandikie mpangilio wa pete, kwa sababu zitatolewa tena siku moja na mimi sitakuwepo. Nikauandika kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha boksi: chini pete, springi, juu shaba, risasi nyepesi. Upande wa pili nikaandika ule wa risasi nzito. Akakiweka ndani ya sanduku la bati pamoja na leseni, na chupa ya mafuta ya nazi akamrudishia mkewe jikoni.